Mpira wa Breki Haupakwi Mafuta ya Papa

Mtu akikosea kwa kutunza, kosa lake tuliite jina gani? Swali hili si langu. Aliniuliza Mwanamize, mke wa ami yangu Athmani, akiwa ndani ya eda, nami wakati huo ni msichana niliyerudi Kismayo likizo kutoka chuo kikuu. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, mwanangu, na nimefundisha watoto wa watu, lakini jibu bado sina. Hata hivyo nimesikia umenunua gari dogo la zamani na unakusudia kulihudumia kwa mikono yako. Basi nisikilize, kwani gari kama lako lilimzika mtu niliyempenda.

Ami Athmani, mdogo wake baba yangu, alizaliwa kisiwani Chovai na alikuwa fundi wa mashua. Unajua desturi yetu watu wa visiwani: kitu kikikauka, dawa yake ni sifa, yaani mafuta yanayotoka kwenye ini la papa. Ini huchemshwa, mafuta yakaenguliwa, na mashua ikapakwa mpaka mbao zikashiba. Mashua isiyopakwa hupasuka kwa jua. Inayopakwa humzika mwenyewe. Ami alilelewa juu ya elimu hiyo, na ilikuwa elimu ya kweli. Alipohamia mjini na kupata gari lake dogo, lililokwisha kuzeeka katika nchi za watu, alilitunza kama alivyotunza mashua, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kukipenda chombo.

Karibu na kila gurudumu, mwanangu, bomba la chuma linaloleta mafuta ya breki huishia, na pahali pake hushikwa na kipande kifupi cha mpira. Chuma hakiwezi kufuata gurudumu linapogeuka na kurukaruka, mpira unaweza. Ndani ya mpira huo mwembamba hupita nguvu yote ya mguu wako. Ami aliiona mipira yake imeanza kuchanika nyufa ndogo ndogo, kama mbao iliyoachwa juani. Akaipaka sifa aliyoizimua kwa dizeli, kama wafanyavyo wengi ili ipenye, kisha akaizungushia uzi wa mshipi, akaukaza kwa fundo la mafundi wa mashua. Kazi ilikuwa safi, ya kupendeza macho.

Nakumbuka tulilipeleka gari gereji kwa Liban, kijana wa Kisomali aliyemheshimu Ami kama baba yake, ili atengeneze taa. Akachungulia chini.

"Adeer," alisema, maana ndivyo wanavyomwita ami kwa lugha yao, "huu ni mpira, si ubao. Mafuta haya yanauvimbisha na kuuoza. Niutoe, nitie mpya."

"Wewe kazi yako toa, tia," Ami akamjibu. "Mkeo akikohoa, utamtoa utie mwingine?"

"Mke wangu hasimamishi gari, adeer."

Waliokuwapo wakacheka, na Ami akacheka kuwapita wote. Tukarudi nyumbani na mipira ileile. Si kwamba alimdharau Liban. Alikuwa na ushahidi wa maisha mazima kwamba sifa haijamwangusha mtu.

Na kwa kuwa alikuwa mkarimu, hakuishia kwa gari lake. Kila jirani mwenye gari, wa teksi na wa kuchukua samaki kutoka Burgao, alipakiwa mipira yake bure. "Mchu hakatai dawa ya bure," alikuwa akisema kwa lahaja yetu, mchu akiwa ni mtu, na akitoka chini ya gari ananuka papa, amefurahi.

Kifo chake ni kifupi kukisimulia. Alikuwa peke yake, anateremka barabara ya lami kuelekea bandarini. Mpira mmoja ulipasuka, mguu wake ukazama mpaka chini bila kukuta kitu, na gari likaingia nyuma ya lori lililoegeshwa. Tulimzika kabla ya laasiri. Watu walisema ni kadari, nasi tukaitikia, kwa sababu ni kadari.

Hitma ilipokwisha, Liban alikuja barazani kwa Ami, tulikokuwa bado tumekusanyika, na kitu alichokifunga katika kitambaa. Nilikuwa nikimimina kahawa. Akamfungulia baba yangu: mpira umevimba kama mnyoo, laini, umepasuka kandokando ya uzi, na lile fundo zuri limeshikilia bado.

"Umemwonyesha mwingine?" baba akauliza.

"Hapana."

"Usimwonyeshe. Tumeamrishwa tuwataje wafu wetu kwa mema. Athmani alikuwa fundi. Sitaki aitwe mjinga naye udongo wake haujakauka."

"Na wale aliowapakia?"

"Tutawaambia taratibu, arubaini ikishapita."

"Adeer, breki haijui arubaini."

Baba akaufunika mpira kwa kitambaa. Alikuwa mtu mwema, mwanangu, na alichokilinda kilikuwa haki: heshima ya ndugu asiyeweza tena kujitetea. Nami moyoni nilikuwa upande wake.

Hapo pazia likatikisika. Mwanamize, ambaye eda ilimzuia kutoka mbele ya wanaume, alikuwa akisikia yote. Akaniita nimpelekee mpira ule. Aliushika, akaunusa, akalipapasa fundo kwa kidole.

"Sifa hii niliichemsha mimi," alisema. "Papa mwenyewe alitoka Kudhaa." Kisha ndipo aliponiuliza swali nililokutajia. Papo hapo akapaza sauti ili baba amsikie.

"Shemeji, mficha maradhi, kifo humuumbua. Unamsitiri Athmani, ahsante. Lakini yeye alikwenda akidhani amewafanyia wachu wema. Kesho mmoja wao akifa kwa mkono wake, na sisi tulijua, utakuwa umemsitiri au umemwongezea mzigo kaburini?"

"Watamcheka, Mwanamize."

"Na wamcheke. Wakimcheka watakuwa hai."

Baba akafunika uso kwa kilemba chake. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala baada. Mwanamize akasema kwamba yeye hatoki, eda ni eda, ila kesho nikapite nyumba kwa nyumba niwaite wanawake wa mtaa waje kwake, na maneno atayasema mwenyewe.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mpira wa breki haupakwi kitu chochote, si sifa, si grisi, si dizeli. Husafishwa kwa maji na sabuni, basi. Ukunje kwa vidole uone nyufa. Mwombe mwenzako akanyage breki nawe utazame: ukivimba, au ukiwa na unyevu, haufai. Gari likivuta upande mmoja, huenda mpira umeziba ndani hali nje unang'aa. Usibadilishe mmoja ukauacha wa upande wa pili, kwani imezeeka pamoja. Unapofunga mpya usiupinde kama kamba, na ugeuze usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uhakikishe haugusi tairi. Kisha toeni hewa: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa iliyo gurudumuni, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kama hujawahi, mwite fundi asimame nawe. Na kama umekosea, au aliyekosea ni mzazi wako aliyekwisha kufa, sema mapema. Kila chombo na wimbi lake. Yaliyomwokoa babu yako baharini huenda yakakuua barabarani, na kumheshimu babu si kuyarudia yote. Mungu akujaalie mkono wenye huruma na sikio linalosikia, akufikishe uendako na akurudishe kwa wakupendao.

Asubuhi ya pili yake nilipita nyumba zile, na wanawake wakaja. Wengine walibeba mikate ya mofa, wakidhani wameitwa kusoma dua. Mwanamize alikuwa ameketi mkekani katika nguo zake za eda, na mbele yake, juu ya sinia, mpira ule. Akawaeleza ni kitu gani na umetoka wapi. Bi Rukia, ambaye mumewe alikuwa wa teksi, akauinua kwa ncha za vidole.

"Nani aliyeupaka mafuta?"

"Athmani wangu," akasema Mwanamize. "Kwa mkono wake, na kwa nia njema. Na wa mumeo kaupaka vivyo hivyo. Mkawazuie waume zenu wasiyatoe magari. Mungu amrehemu wangu, awahifadhi wenu."

Bi Rukia akaurudisha mpira siniani, akainuka bila kuaga, na tukasikia ndara zake zikikimbia uchochoroni.