Santuri ya Mama kwenye Spika za Msibani

Mimi sipendi kelele, na kwa hilo nimezaliwa mji usiofaa. Buhongwa kwetu baa ina spika, kanisa lina spika, hata muuza dawa ya panya anapita na ya kwake. Katikati ya vurugu hiyo baba yangu, mwalimu mstaafu wa kwaya, alikuwa anasikiliza santuri za muziki wa zamani wa Ulaya, ule wa kinanda na vayolini nyingi. Alizinunua kwa padri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Majirani walimcheka: "Mwalimu, hiyo ngoma mbona haichezeki?"

Mwenzake alikuwa mama. Jumapili wakitoka misani walivuta viti mpaka karibu na mashine ya santuri, sauti wameishusha, magoti yanagusana. Kuna santuri moja mama aliipenda kuliko zote. Vayolini inaanza peke yake, chini kabisa, ukikohoa imekupita.

Mama alipofariki, baba aliomba kitu kimoja tu: santuri ile ipigwe kabla jeneza halijatoka nyumbani kwenda kuzikwa upande wa Busisi, kwenye ardhi ya ukoo. "Ndiyo kwaheri yangu kwake," alisema. "Mimi maneno sina."

Baba mdogo, ambaye msiba wowote lazima awe msemaji, akakodi spika mbili ndefu kama kabati. Baba akamwambia, "Mdogo wangu, huu ni muziki wa kukaa karibu. Usipigwe kwa nguvu."

"Kaka, watu wamejaa mpaka barabarani. Shemeji aagwe kimyakimya kama mwizi?"

Nikadakia, nikaambiwa ninyamaze, wakubwa wanaongea. Wakubwa! Mimi mwenyewe nina wajukuu.

Fundi wa muziki alikosa meza, akaiweka mashine juu ya spika. Juu ya spika, jamani! Baba akainua mkono kumzuia, lakini sindano ilikuwa imeshashuka. Vayolini ikaanza. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Hatusikii!" Fundi akaongeza. Tukasikia mikwaruzo ya vumbi zaidi kuliko muziki wenyewe. "Ongeza!" Akaongeza tena. Halafu vayolini zote zikaingia kwa pamoja, spika ikatetemeka, sindano ikatetemeka nayo, mtetemo ukarudi kwenye spika na kutoka mkubwa zaidi, hadi ukawa mlio mmoja wa kupasua kichwa. Watoto wakalia. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Sindano ikateleza kutoka ukingoni mpaka katikati, ikaichora santuri mchirizi mrefu. Fundi akachomoa waya, akachomeka flashi, mapambio yakaanza kwa nguvu zote na jeneza likabebwa. Baba alikuwa anaitazama mashine. Mama anapita mbele yake, yeye hamwoni. Nilitamani kumpiga mtu.

Mpaka leo baba mdogo anasimulia kwamba mtambo wa kaka ndio ulikuwa mbovu. Nimemwachia Mungu. Santuri niliipeleka mjini kwa fundi anayejua vitu vya zamani. Akapitisha ukucha kwenye ule mchirizi, ukazama. "Dada, pole," akasema. "Hii haina dawa."

Siku hizi baba anaipiga bila spika. Sikujua kama inawezekana. Kumbe ukizima kila kitu ukaacha sahani izunguke, sindano yenyewe inatoa sauti nyembamba, kama mbu nje ya chandarua. Ikifika kwenye mchirizi inaruka nyuma, inarudia kipande kilekile cha mwanzo, na tena, na tena. Zile vayolini nyingine haziingii kamwe. Baba hagusi kitu. Ameinama, sikio limekaribia kugusa sahani, na chai yake imepoa mezani.

Jumapili iliyopita uvumilivu ulinishinda. "Baba, ngoja nikuchomekee spika, usikie vizuri."

Akanikamata mkono. Nilidhani atalia, lakini alikuwa ametulia kabisa, hata ananionea huruma.

"Taratibu, mwanangu," akaninong'oneza. "Mama yako hakulala usiku kucha. Ndiyo kwanza usingizi umemchukua."

Nikatazama mlango wa chumba chao, umerudishiwa vizuri. Nikamwambia sawa, baba. Nikavua ndala zangu, nikatoka kwa kunyata.