Disketi Nane za Kanyiva

Kanyiva alichapa barua za watu wa mtaa wa Mbotela kwa miaka kumi na tisa, akiwa ameketi kwenye veranda yake na taipureta yenye kelele. Sisi majirani tulimwita Mama Ndinda. Mwaka wa tisini na saba, wakili aliyempa kazi nyingi kuliko watu wengine wote alimwambia kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, angepokea kazi kwenye disketi pekee. Asiyeweza, basi.

Kompyuta alikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ya kubeba, aliyoachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyerudi kwao, na ndani haikuwa na programu ya kuandikia. Programu ilikuwa kwenye CD kwa Lusweti, fundi wa kompyuta wa pale mjini. Lakini mashine ile haikuwa na mahali pa kuingizia CD, ilikuwa na mdomo wa disketi tu. Lusweti akasema aletewe disketi nane, aigawe programu hiyo vipande vipande.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulichanga akina mama wanane wa kanisa, kila mtu disketi yake, na kila mtu akaandika jina lake juu, maana hata sufuria za kanisa zina majina. Mimi ni Nangila. Niliandika kwa herufi kubwa.

Lusweti akanakili, kisha akabandika karatasi ya namba juu ya kila jina. "Mathe, hizo namba msiziguse," alimwonya Kanyiva.

Alhamisi Kanyiva alizileta kwenye maombi tuone mchango wetu. Tuliona moja, mbili, tatu.

"Hatukuchanga namba," akasema Truphena, mwenyekiti wetu, akabandua ya kwake. Tukabandua zote. Kanyiva alikuwa jikoni akimimina chai.

Jumapili baada ya ibada tulijazana kwake, kila mmoja aone yake ikiingia. Mashine ikaitisha disketi ya kwanza. Truphena akasema bila shaka ni yeye, kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Mashine ikamkataa. Tukajaribu nyingine, na nyingine. Ikikubali moja, mwenyewe anapigiwa makofi, halafu inaitisha inayofuata na tunaanza upya. Yangu ilikataliwa mara saba. Niliumia, sitaficha. Nilijua ni mashine tu, lakini baada ya mara ya tano nilianza kukumbuka dhambi zangu.

Ilinikubali mwisho, wengine wakiwa wameshachoka kupiga makofi. Programu ikafunguka. Kanyiva akachapa kazi ya wakili, kurasa sita, sisi tukimwangalia bila kupumua. Alipomaliza ndipo tukagundua kwamba hakuna disketi tupu ya kuitilia, na maduka yamefungwa.

"Programu imeshaingia, itabidi nifute moja," akasema Kanyiva. "Nifute ya nani?"

Truphena alitazama dari. Nami nilitazama viatu vyangu, na vilikuwa vile vile vya soko la Kariokor ninavyovijua.

Kanyiva akaanza kufunga mashine. "Siwezi kufuta zawadi ya mtu. Wakili atafute mwingine."

Miaka kumi na tisa, na aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayerudisha kikombe cha jirani. Nilikasirika kweli, na sijui nilimkasirikia nani.

"Mama Ndinda, futa yangu," nikasema. "Nimechoka kuiangalia."

Jumatatu alifika kwa wakili kabla ya saa mbili. Karani mpya aliyekuwa mlangoni alisoma jina lililokuwa juu ya disketi, akaandika kitabuni: imeletwa na Nangila, arudi Alhamisi kuchukua kazi nyingine. Kanyiva hakumsahihisha. Alikuja mbio kuniambia, akanikuta nafua. Tulicheka mpaka akaanza kulia, akaniomba radhi kwa kulitumia jina langu.

Nikamwambia jina nimempa, aende akachape.