Nilichana Notisi ya Chekechea ya Mbwa, Lawama Akapewa Bibi wa Jirani

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana huku Johannesburg Wabongo tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mtu wa Kigoma, mlinzi wa usiku mwaka wa ishirini sasa, na hajatokea mwizi aliyeruka ukuta wangu akarudi kwao na viatu vyote viwili. Naishi Randburg kwa mpwa wangu, tumwite Zawadi, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mwenyewe.

Zawadi kaacha kazi ya dukani ili afungue chekechea ya mbwa hapa nyumbani. Msicheke. Huku mtu akienda kazini anampeleka mbwa wake ashinde mahali, acheze, ale, jioni anamfuata. Nikamwambia umepata mtaalamu, maana Kigoma nilikuwa na mbwa aliyemkimbiza chui mpaka chui akapanda paa la kanisa. Tatizo mtaa wetu ni wa makazi, si wa biashara. Lazima manispaa itoe kibali, na majirani wapewe nafasi ya kupinga. Jirani wa ukuta mmoja ni bibi wa Kizulu, nesi mstaafu, tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Yeye alisema wazi: "Zawadi, mwanangu, nakupenda. Lakini mbwa ishirini wakibweka kutwa, na presha yangu hii? Eish, mtanizika."

Sasa sikieni kosa langu. Asubuhi moja natoka lindoni, nakuta karatasi kubwa imebandikwa getini. Ndugu zangu, Kiingereza nakiongea kama maji, na kwa Kizulu naweza kugombana kutwa nzima. Kusoma ndiko sikufika mbali, shule niliachia darasa la nne, na hilo hata Zawadi halijui. Hata haya, Admin, nakutumia kwa sauti uniandikie wewe. Wabongo wananiletea fomu zao niwasomee. Nawauliza maswali mawili matatu, mpaka wanajisomea wenyewe bila kujua, halafu wananishukuru.

Kwenye karatasi ile nilitambua neno moja tu, lile kubwa la juu: notisi. Na kwetu sisi ukipewa notisi maana yake ni moja, hama. Nimeshahamishwa mara mbili katika mji huu, na mara zote ilianza na karatasi mlangoni yenye neno hilohilo. Nikajua mtoto wa dada yangu anafukuzwa. Nikaichana kabla hajaiona akapata mshtuko, nikawashia mkaa wa chai, nikalala nikijiona nimemwokoa.

Kumbe ni yeye Zawadi aliyeibandika jioni mimi nikiwa kazini! Ni tangazo la kuwajulisha majirani, na sharti likae pale getini mpaka muda wa pingamizi uishe. Aliporudi toka sokoni akanigongea chumbani. "Mjomba, nani kachana notisi yangu?"

Ningesema pale pale yangeisha. Lakini akaongeza, "Na wewe mlinzi wa miaka ishirini, ulikuwa umelala?"

Admin, neno hilo lilinichoma. Nikajibu, "Mimi nilale? Nilimwona Gogo anazungukazunguka hapo getini."

Zawadi akatoka mbio hadi ukutani. "Gogo, kama hutaki si useme? Kwa nini unanichania?"

"Mimi?" Gogo akamtazama hivi. "Mimi nikikataa jambo naandika na kusaini. Sichani vya watu."

Tangu siku hiyo hawasalimiani. Na huyu ndiye bibi ambaye, siku zile wageni tunasakwa nyumba hadi nyumba, alisimama kwenye geti letu na khanga yake kiunoni akawaambia wale vijana, "Hapa hakuna mgeni, hapa kuna watoto wangu. Piteni." Wakapita. Mimi shujaa wa chui nilikuwa chini ya kitanda.

Sasa watu wa manispaa wanaona tangazo lilifichwa makusudi ili majirani wasijue, na ombi la Zawadi linaweza kutupwa. Wameitisha kikao Alhamisi. Zawadi kaniambia, "Mjomba, shahidi wangu ni wewe. Utasimama useme ulichokiona."

Jana Gogo kaniita ukutani, akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono. "Mpe Zawadi. Ila umsomee wewe, mimi hataki hata kunisikia." Macho yake yalikuwa mekundu. Ninayo hapa mfukoni mwa sare. Mwandiko wenyewe wa kinesi, umelala wote kama mvua ya upepo, hata herufi moja sishiki. Sijui anapinga, sijui anakubali, sijui anaomba msamaha kwa kosa langu mimi.

Admin, nimekutumia picha ya karatasi hiyo inbox. Usiiweke hapa, nisomee tu kwa sauti. Na nyie ndugu zangu, msinitukane, nitukaneni baadaye. Nishaurini: Alhamisi nikisimama mbele ya mtoto niliyemlea na bibi aliyeniokoa, nianze kukiri lipi, uongo wangu au darasa la nne?