Muhogo Aliouagiza Mama

Juzi nilikuwa natembea sokoni Chilinde, sina ninachonunua. Ndivyo ninavyoishi, natembea tu. Nilipopita nyuma ya vibanda vya mboga, pua ilinisimamisha kabla ya miguu. Mama mmoja wa Kikongo alikuwa amefunua pipa la mihogo iliyolowekwa, na ile harufu chachu, ambayo mgeni hudhani kuna kitu kimekufa, ikanipiga usoni. Nikalia pale pale mbele za watu, mwanaume wa miaka arobaini na kitu.

"Papa, uko mugonjwa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Wewe uliyelelewa kwa bugali ya muhogo utanielewa.

Tulifika Lilongwe nikiwa na miaka kumi na miwili, baba, mama na mimi, kutoka Fizi, kule Kongo. Tulipanga chumba kimoja hapo Chilinde, ua mmoja na mwenye nyumba, mjane Mmalawi mwenye roho nzuri. Wiki ya kwanza mama alipata mihogo, akailoweka kwenye ndoo nyuma ya choo kama alivyofanya maisha yake yote. Siku ya tatu mjane akamjia ameshika pua: "Amayi, chinangwa chaola!" Muhogo umeoza. Akaimwaga yote mtaroni na kutuoshea ndoo kwa sabuni. Mama alikuwa anajua neno moja tu la Kichewa, akalisema kwa adabu zote: "Zikomo." Asante. Basi mjane akajua amefanya jambo jema, na wiki iliyofuata akamwaga tena. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. "Endelea kucheka," alimwambia. "Leo utakula meno yako."

Baadaye tukahamia Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na huko mama akapata pipa lake na ua wake. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa wapi, nitakuambia ulikuwa kati ya lile pipa na kinu. Mihogo ikilainika, kazi yangu ilikuwa kuchomoa nyuzi za katikati, vidole vikinuka mpaka kanisani. Kisha tunaianika kwenye mkeka, nami nakaa na fimbo kufukuza mbuzi wa jirani. Ikikauka, mama anatwanga. Mlio wa mchi wake niliujua kati ya michi yote ya mtaa: mizito miwili, mmoja mwepesi, halafu kimya kidogo anapofuta jasho. Mbele ya nyumba cherehani ya baba ilikuwa inamjibu. Hatukuwa na ndagala wa ziwa letu, kwa hiyo mama alipika usipa wa Malawi na sombe, kisamvu chetu, na kila mara aliwaomba radhi wale samaki: "Musikasirike, si kosa yenu."

Alimtunza baba hivyo zaidi ya miaka hamsini. Sikumbuki hata siku moja baba ametoka nyumbani na shati lisilopigwa pasi, hata mwaka ule tulipolala chini ya plastiki.

Mimi nilimaliza sekondari nikaondoka. Tete, Beira, Johannesburg, kisha Lilongwe tena, Mchesi na Area 36, miezi michache hapa, michache pale. Kila niliporudi kumsalimia nilikula, nikalala, nikaondoka. Kuanika muhogo niliona ni kazi ya utoto wangu, imekwisha.

Msimu huu wa mvua baba alinipigia simu. "Mama yako haikule tena. Kuja."

Nilimkuta amelala upande, mdogo kama mtoto wa shule. Muuguzi alikuwa amesema tumtunze nyumbani, tumpe chochote atakachokubali. Uji alikuwa anautema. Nikapiga magoti, nikamuuliza anataka nini.

"Bugali ya muhogo," akasema. "Ile nitakula."

Rafiki yangu, niliyashika maneno yale kama mtu aliyeambiwa hukumu imefutwa. Akila, atapata nguvu. Akipata nguvu, atakaa nasi. Nilikimbilia sokoni kambini nikarudi na unga. Baba akasonga. Mama aliweka tonge dogo kwenye ulimi, akafumba macho, akalitoa.

"Bamechanganya na mahindi," akasema. "Munanidanganya ju niko mugonjwa?"

Nilizunguka kwa wauzaji wote. Wote walinijibu jambo moja: mvua hii, nani ameanika? Basi nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka vijiji vya jirani, nikarudi na gunia la mihogo mibichi limefungwa nyuma ya baiskeli. Nikaimenya, nikajaza lile pipa, nikakaa kando yake. Huo ndio uchungu wa chakula chetu: siku nne majini, siku tatu juani. Mama hakuwa na siku saba, na jua halikuwepo kabisa.

Siku ya pili nikashindwa kungoja. Nikatoa nusu. Ilikuwa bado migumu, nikaikatakata kwa kisu. Nikaikausha kwenye bati juu ya moto, moshi ukaigeuza rangi ya kahawia. Nikatwanga, mikono ikatoka malengelenge. Jirani yetu, mama wa Kirundi, alichungulia uani akatikisa kichwa. "We mutoto, unatwanga muhogo ao unapigana nayo?"

Nikasonga bugali yangu mwenyewe. Ilijaa mabonge, inanuka moshi. Nilikaa karibu na mama, baba akamwinua kichwa. Alionja. Nilimtazama mdomo kama mtoto anayesubiri alama za mtihani.

Akatafuna kidogo. Akameza. Nikasikia baba anashusha pumzi.

Kisha mama akasema, "Umeitoa mbio. Iko ingine mu pipa?"

"Iko, mama. Nusu."

"Usiiguse. Acha maji itumike." Ndivyo alivyosema siku zote nilipokuwa mdogo nikichungulia pipa: acha maji yafanye kazi yake. Akanishika kidole, akakivuta puani kwake, akanusa. "Siku mbili tena. Ile njo nitakula muzuri."

Hakula kitu kingine. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, baba akiwa anamkunjia blanketi miguuni. Alikuwa bado analikunja wakati mimi nimeshajua.

Tulimzika siku iliyofuata. Wanawake wa kanisa walikuja na sufuria zao, na mmoja wao akafunua pipa. "Hii iko tayari," akasema. Na kweli. Ukishika muhogo ulikuwa unapasuka kwa kidole, mlaini, mweupe, siku ile ile aliyosema. Nilienda nyuma ya nyumba nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka udongo ukadondoka.

Mvua ilipotulia nikaianika. Nilikaa na fimbo, mbuzi wakaja, nikawafukuza. Nikatwanga, nikachekecha, nikasonga. Baba alikula, akasema, "Iko muzuri." Lakini baba ndivyo alivyo, alisema hivyo hata kwa ile mama aliyoiunguza, alisema hivyo hata kwa uji wa chumvi.

Baba amekataa kuondoka Dzaleka, nami sijui kukaa. Nikija, naloweka. Nimehesabu siku vizuri, nimeacha maji yafanye kazi, bugali inavutika, haina bonge. Jirani anaisifu, wageni wanaongeza. Mimi nasimama na mwiko mkononi nikitazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyeweza kuionja akaniambia imepungukiwa nini, hayupo tena popote ninapotembea.