Chupa kwenye Debe la Mbegu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mzee Pankrasi huosha kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa, kisha hukifudikiza dirishani kikauke. Hakuna anayekitumia. Mkewe, Emerensiana, alifariki mwaka jana kwa saratani ya shingo ya kizazi.

Majirani wa mtaa wa Mshangano wanamjua kuwa ni mtu asiyemwaga kitu. Mbolea huipima kwa kizibo cha soda, na kizibo chenyewe hakijazi. Mkewe alizoea kumtania mbele ya wageni: "Huyu angepewa mvua aigawe, Songea nzima tungenyeshewa kwa kijiko." Naye alicheka, maana ubahili huo ndio uliomfikisha Oliva, binti yao wa pekee, chuo kikuu.

Novemba hii Oliva alirudi kwa misa ya kumbukumbu ya mama yake. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, na baba yake akamtuma stoo akalete mbegu za mahindi. Alipoingiza mkono kwenye debe, akagusa chupa. Ilikuwa morfini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, na zaidi ya nusu bado ilikuwamo. Kwenye lebo muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: kila baada ya saa nne.

Akakumbuka simu za mwaka jana. Kila alipopiga kutoka Dodoma, baba alimjibu kwamba mama anaendelea vizuri, dawa ipo. Alimwamini upesi, kwa kuwa alikuwa na mitihani, na kuamini kulikuwa rahisi.

Mzee alipomfuata na kumkuta ameishika ile chupa, hakushtuka. Aliketi juu ya gunia, akaeleza polepole kama anayesimulia habari za shamba. Muuguzi, Sista Lidwina, alimwambia asisubiri maumivu yapande. Ampe mgonjwa dawa kwa saa, na chupa ikiisha aende kuchukua nyingine. Lakini yeye alikwisha kuzoea kuambiwa kitu kipo, akifika hakipo. Tena mkewe bado alikuwa anajikongoja hadi jikoni. Akajiambia siku mbaya zaidi zinakuja, na dawa kali ikizoeleka mapema, huko mbele atampa nini? Basi akawa anampa nusu ya kipimo, mara nyingine anaruka zamu, na chupa akaifukia kwenye mbegu, mahali pasipoguswa mpaka wakati wake. Siku zenyewe zilipofika, Emerensiana hakuweza tena kumeza.

"Nilidhani namwekea," akasema.

Oliva angeweza kumweleza kwamba dawa ile haiishiwi nguvu kwa kuanzwa mapema, kwamba maumivu yakizidi daktari huongeza kipimo. Lakini ingemfaa nani sasa? Alitaka kujua jambo moja tu, na aliliogopa. Mama yake alikuwa mtu wa kunyamaza. Huenda hakujua kwamba dawa imebaki. Huenda maumivu hayakumzidi kiasi hicho.

"Baba, mama aliwahi kuiomba?"

Mzee Pankrasi alibandua punje ya mahindi iliyoganda ubavuni mwa chupa, akairudisha kwenye debe.

"Aliomba," akasema. "Nilimwambia avumilie mpaka Jumapili."