Kwangua Gome Kabla ya Kushika Panga

Nakumbuka Agosti moja, nikiwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, nilipoukata kwa mkono wangu mwenyewe mjakaranda wa baba yangu.

Baba aliupanda uani kwetu Shanwe. Kila Juni, baridi iliposhuka kutoka Ufipa, aliufunika kwa gunia jioni na kulifunua asubuhi, kwa kuwa mche wa mti huo huunguzwa na baridi. Mwaka ule mti ulikuwa umempita baba kimo, nasi tulingoja maua yake ya kwanza. Lakini baba akalazwa hospitali kwa homa, na majani ya mti yakapukutika yote. Jirani akaniambia kwamba mti uliofia uani humwita mwenye nyumba usipokatwa. Mwanangu, nilikuwa nimesoma, lakini nilimwogopea baba. Nikachukua panga.

Siku ya nne baba alirudi akitembelea fimbo. Akainama penye kisiki, akakikwangua kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa na kijani kibichi.

“Nani amekuambia mti umekufa?”

“Watu, baba.”

“Watu gani? Yupi kati yao aliukwangua?”

Nikainama kukitazama kisiki.

“Basi, mwalimu,” akasema, “mimi nami nimelala siku nne bila kula. Bahati yangu hukuja hospitali na panga.”

Mvua zilipoanza, kisiki kilichipua. Nililea chipukizi lile kwa gunia lilelile, Juni baada ya Juni, mpaka likawa mti na kuchanua. Baba alikuwa ameshazikwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nimezeeka naye nyumba moja.

Sasa juzi umenipigia simu kutoka Majengo, kwamba mjakaranda wako umepukutika, watu wamesema umekufa, na mkataji ameshaitwa. Mwambie asije. Kwangua matawi kwa ukucha, kisha shina, mpaka chini kabisa. Penye kijani usiguse. Penye ukavu, subiri mvua zianze, ndipo upunguze hadi unapoanzia uhai. Neno la watu lisikilize, kwani kusikiliza ni adabu, lakini usilitende kabla hujalipima kwa jicho na mkono wako. Na ukinipigia tena, usinieleze watu wamesema nini. Nieleze umeona nini.

Mungu akupe mkono usio na pupa, mwanangu, na akujalie umri wa kuketi chini ya maua ya mti ulioupanda mwenyewe. Baba yangu aliyakosa kwa panga langu.