Aliyeipa Skrini Kisogo

Bi Tochi alifanya kazi kwenye ukumbi wa sinema miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona filamu moja mwanzo hadi mwisho. Si kwamba hakuzipenda. Kazi yake ilikuwa kumpokea mtu mlangoni, kummulikia ngazi kwa tochi mpaka kwenye kiti chake, kisha kwenda kusimama chini kabisa, ubavuni mwa skrini, akiwatazama watazamaji. Huyu kawasha simu, yule kapandisha miguu kiti cha mbele, wale wawili wa nyuma wamesahau kwamba hawako chumbani kwao. Filamu ilikuwa kisogoni kwake. Mbele yake kulikuwa na nyuso, mia mbili na ushei, zikibadilika rangi kila picha ilipobadilika.

Uso wa mtu gizani hauna adabu. Akijua haonekani huuachia, kama mtu aliyeshiba anavyoulegeza mkanda. Bi Tochi aliwaona wanaume wazima wakilia kwa ajili ya mbwa, na wake za watu wakisinzia wakati wa busu. Lakini nyuso alizozijua kuliko zote ni za filamu za mizimu. Aligundua mapema kwamba mtu anayepiga ukelele haogopi. Akishapiga ukelele ameshapona; humgeukia jirani yake, hucheka, hurudisha mkono kwenye bisi. Anayeogopa kweli hana sauti. Mkono wake hukwama ndani ya mfuko, hauingii wala hautoki, na macho huacha kutazama ile picha, yakatazama kitu kingine anachokijua mwenyewe. Uso wa namna hiyo, ukumbi mzima kwa pamoja, alikuwa ameuona mara tatu tu.

Jumanne moja saa nane mchana, meneja alimruhusu mwongozaji mmoja, binti wa miaka thelathini hivi, kuonyesha filamu yake ya kwanza kwa watu walioalikwa, ili ajue imekaaje kabla haijatoka rasmi. Ilihusu nyumba yenye mzimu. Mzimu wenyewe ulikuwa mwanamke mwenye macho meupe na kucha za urefu wa kijiko, na alitokea kila mahali: kabatini, darini, nyuma ya pazia. Mara mbili za mwanzo watu walishtuka. Mara ya tano mtu wa safu ya mbele akasema kwa sauti, "Dada, kakate kucha kwanza ndio uje," na ukumbi ukaangua kicheko kisichokwisha mpaka taa zikawashwa.

Watu walipotoka, mwongozaji alibaki safu ya mwisho, mikono mapajani. Bi Tochi alikuwa akifagia bisi. Alifika kwenye miguu yake akasimama.

"Samahani mama, nainuka sasa hivi."

"Kaa tu. Nitazunguka."

Binti akamtazama. "Wewe ulikuwa pale mbele. Umeionaje?"

"Filamu sijaiona, mwanangu. Nimewaona watu."

"Walicheka."

"Walicheka kwa sababu hukuwaachia kazi yoyote. Kila kitu umefanya wewe. Mlango ukifunguka, yupo. Ukifunguka tena, yupo. Mtu akishajua mgeni anaingia saa ngapi, haogopi, anaweka sufuria jikoni."

Binti akatabasamu kidogo, lakini macho yalikuwa mekundu. "Basi niambie, wewe unaogopa nini?"

Bi Tochi angeweza kusema ana kazi. Badala yake aliegemeza fagio kwenye kiti akaketi. Labda ni ule upole wa ukumbi mtupu. Akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu.

Mama yake alikaa kitandani miaka miwili kabla ya kufariki. Sauti ilishamwishia, kwa hiyo akitaka maji aligonga ukuta kwa pete yake, mara tatu, na aliyekuwa karibu kati ya mabinti zake wawili alimpelekea. Alipokwenda zake walimzika, chumba kikafagiliwa, godoro likakunjwa, mlango ukafungwa. Wiki tatu baadaye, saa sita mchana, jua limewaka, Bi Tochi alikuwa jikoni akiosha vyombo. Ukuta ukagongwa.

"Nikafuta mikono," alisema. "Nikachukua glasi, nikajaza maji, nikatoka. Nimefika katikati ya ukumbi wa nyumba ndio nikakumbuka kwamba tumemzika."

Mwongozaji akamgeukia.

"Kugonga hakukunitisha. Panya hugonga, mbao hugonga. Kilichonitisha ni huu mkono wangu, ulivyochukua glasi bila kuniuliza. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ukarudi?"

"Niliona nikirudi nayo ni kama namnyima mama maji. Nikaingia, nikaiweka pale pake, nikatoka nikafunga. Tangu siku hiyo sijakanyaga kile chumba."

Halafu binti akaomba, kwa sauti ya mtu anayejua anaomba kikubwa, kama angeweza kuitumia habari hiyo. Bi Tochi akasema atafikiri, na siku ya tatu akakubali, mradi jina la mama yake lisitajwe.

Aliyekasirika ni dada yake mkubwa. Huyo alikuwa fundi cherehani, mjane aliyerudi nyumbani kumuuguza mama na hakuondoka tena; alishonea barazani, mchana kutwa, peke yake, mdogo wake akiwa kazini. Alipoambiwa aliacha kukanyaga cherehani.

"Umemtoa mama ukampeleka sinema."

"Sijamtoa mama, dada. Nimetoa hofu yangu."

"Hofu yako ina mama ndani yake." Akaukata uzi kwa meno. "Na tena ni uongo. Mimi nashinda hapa siku zote, sijawahi kusikia kitu."

Wiki nzima walisalimiana kwa shida.

Ilipita karibu miezi minane. Filamu ilirudi, imekatwa na kushonwa upya, mwanamke wa kucha hayumo. Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi saa kumi, na Bi Tochi alishangaa asubuhi kumkuta dada yake amevaa, amejifunga kilemba, mkoba mkononi. "Nakuja kuona ulichofanya," alisema, basi. Bi Tochi mwenyewe alimmulikia mpaka safu ya sita, kiti cha pembeni, akaenda kusimama mahali pake.

Kwa muda mrefu nyuso zilikuwa nyuso za kawaida. Kisha akasikia nyuma yake sauti ya maji na vyombo, akajua pamefika. Ko, ko, ko. Mara tatu, zimefuatana sawasawa kama matone ya bomba. Hakuna muziki. Bomba likafungwa. Glasi ikajazwa. Nyayo zikaanza kutembea, taratibu, zikasimama.

Hakuna aliyepiga ukelele. Bi Tochi aliwatazama kuanzia safu ya mbele hadi ya nyuma na hakuona kidevu kinachotafuna. Mwanamume mnene wa safu ya tatu alikuwa ameshika mkono wa mtu asiyemjua. Macho yote yalielekea skrini, lakini yeye aliyajua macho; kila mmoja alikuwa ameshafika nyumbani kwake, kwenye mlango wake aliokuwa ameufunga. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndipo alipomwona dada yake amesimama.

Hakuwa anaondoka. Alikuwa amesimama wima, mkoba umeanguka, mkono wa kulia mbele yake, vidole vimekunjika kama vinashika kitu cha duara. Akapiga hatua kuingia kwenye njia. Bi Tochi akapanda ngazi haraka bila kuwasha tochi, akamshika bega. Dada yake akageuka akamtazama kwa uso usiokuwa na kitu ndani yake, kisha polepole fahamu zikamrudia.

"Nakwenda wapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

Alimtoa nje. Kulikuwa bado mchana mweupe. Watu walipita na mizigo yao, muuza magazeti alikuwa akifunga meza. Walikaa kwenye ngazi za mbele. Dada yake ndiye aliyeanza.

"Yule binti ulimwambia mpaka namna ya kugonga?"

"Namna gani?"

"Mbili, anatulia, halafu moja. Kama mama."

Bi Tochi akairudia sauti ile kichwani. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye spika. Zilikuwa tatu, mfululizo. Alikuwa na hakika, kwa sababu moyoni alishasema, hapa wamekosea, mama hakugonga hivi, na akashukuru kwamba wamekosea.

"Labda nilimwambia," alisema.

Dada yake akaitikia kwa kichwa. Halafu, akiitazama barabara, akasema, "Nilikudanganya. Nasikia. Tangu tulipomzika nasikia, mchana ukiwa kazini. Si kila siku. Nampelekea."

"Unampelekea maji."

"Ningefanyaje? Naweka, nafunga, narudi kwenye cherehani. Jioni nikienda kuitoa glasi, naikuta tupu." Akamgeukia. "Nilijua ni wewe. Ukirudi unapita unayamwaga, ili nisionekane mwendawazimu, na hutaki kunisema. Nilikushukuru sana, mdogo wangu. Ila nilishindwa kukwambia."

Miaka kumi na tisa Bi Tochi alikuwa amezitazama nyuso za watu wasiojua kama wanatazamwa. Sasa uso wake ndio uliokuwa ukitazamwa, kwenye mwanga, na mtu aliyemjua tangu akitambaa. Aliushika uso huo kama mtu anavyoshika kikombe kilichojaa.

"Ndiyo, dada," alisema. "Nilikuwa nayamwaga mimi."

Dada yake akashusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani yake miaka mitatu. Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kilemba, akasema waende nyumbani, miguu inamuuma.

Mwezi uliofuata walikifungua kile chumba. Walimwita fundi wa rangi, kitanda wakampa jirani, na cherehani ikahamia humo kwa kuwa dirisha lake lilikuwa kubwa na macho ya dada hayakuwa tena ya kushonea barazani. Dada alisema hasikii tena kitu. Alinenepa kidogo. Wakati mwingine aliimba.

Ile filamu ilikaa ukumbini wiki saba. Mwongozaji alikuja kuwatembelea na mkoba wa matunda, akawapa shukrani zake. Dada aliporudi kwenye kazi yake, binti akasogeza kiti, akasema anaandika ya pili.

"Hakuna kingine, mama? Hata kidogo?"

"Hakuna," Bi Tochi alisema.

Cherehani ilikuwa ikilia kule chumbani. Ikanyamaza. Bi Tochi akabaki ameinamisha kichwa, anasikiliza, na mgeni akimtazama naye akaanza kusikiliza bila kujua anasikiliza nini. Ilichukua muda. Ilipoanza tena, Bi Tochi akainua birika, akamuuliza kama anaongeza chai.